Nyuki Kwenye Mto Mkavu

Ukingo wa mto ulimeguka chini ya gurudumu la mbele, na lori likaenda nao. Halikupinduka. Lilishuka kwa pua, likapasua udongo uliokwisha chanikachanika kwa ukame, likatua kwenye mchanga wa mto mkavu na kujibamiza kwenye jabali lililokaa katikati. Kioo cha mbele kilimwagika chote mapajani mwao. Kisha pakawa kimya, na katikati ya kimya hicho mizinga yote nyuma ya lori ikaanza kunguruma.

Mama Mizinga alisikia ngurumo hiyo kabla hajajijua kama yu hai. Akajipapasa uso, akaona damu, akakuta imetoka kwenye paji tu, akaiacha ichuruzike. Ndipo akamgeukia dereva.

Dereva alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Wilaya nzima ilimwita Gia Tano, kwa sababu aliendesha kama gia nyingine zote zimeuzwa.

"Shemeji," alisema Gia Tano polepole, "mguu wangu haupo."

Mwanamke aliinama akachungulia chini ya usukani. Injini ilikuwa imerudi ndani, dashibodi imeshuka, na mguu wa kulia wa mtu yule ulikuwa umebanwa baina ya pedali na chuma kilichopinda.

"Upo. Nauona."

"Basi umekataa kuja."

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi cha watu walioogopa. Harufu ya petroli ikawafikia. Tangi lilikuwa linavuja mchangani, tone kwa tone, kisha si tone tena. Mama Mizinga alitazama bomba lake la moshi lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya kiti, lile analofukizia nyuki wakatulia, akajua kuwa leo halitawashwa. Cheche moja tu hapo, na wangezikwa kwenye mfuko.

Jua lilikuwa linachomoza. Hilo ndilo lililomtisha kuliko damu na kuliko petroli.

Maana jua la wilaya ile halina aibu. Linaingia mahali bila hodi, na likishaingia haliondoki mpaka limekausha hata mate. Watu wa huko hulima alfajiri, hulala mchana, huzika jioni. Nyuki nao hufuata maua, na kila mwisho wa kiangazi Mama Mizinga aliihamishia mizinga yake chini ya milima, ambako mvua hutangulia. Alisafiri gizani, wakati wa ubaridi, na milango ya mizinga akiiziba kwa udongo mbichi wa kisimani. Udongo ule ulishika mpaka jua lipande kidogo. Ukikauka hupasuka, na kila aliyemo ndani hutoka na hasira zake.

Mwaka huu joto lilizidi. Nyuki waligoma kuingia ndani kulala. Walining'inia nje ya mizinga kama ndevu, usiku kucha wakijipepea, na Gia Tano akasema waliobaki nje waachwe, au safari ilale hadi kesho. Mama Mizinga alikataa katakata. Hakuwahi kuacha nyuki nyuma. Nyuki aliyeachwa nje hana kwao, alisema, na yeye alijua maana ya kukosa kwenu. Akangoja hadi wa mwisho alipoingia, akaziba, na walipoondoka jogoo walikwisha kuwika mara zote. Ndiyo maana mapambazuko yaliwakuta kwenye mto, njia ikiwa nyembamba na dereva akifukuzana na jua.

Lingine lilikuwa baya zaidi. Gia Tano hakupaswa kuwa karibu na nyuki hata mmoja. Akiwa kijana alichomwa na mmoja tu shingoni, akavimba mpaka koo likaziba, akapona kwa sindano na kwa bahati. Daktari alimwambia: wa pili huenda asikuache. Dereva wa kila mwaka alikuwa mgonjwa, na Gia Tano alikubali kuendesha kwa sharti kwamba hatagusa mzinga. Mama yake alikuja wakati wakipakia, akasema neno moja tu, tena si kwa mkwewe bali pembeni yake, kwa sauti ya kusikika.

"Mwambie mke wa marehemu kwamba mimi nimebakiwa na mtoto mmoja."

Tangu msiba alimwita hivyo, mke wa marehemu, kama chombo kilichosahauliwa nyumbani na mtu aliyehama. Mkwe akakaza kamba.

Kamba zile ndizo zilizowaokoa asubuhi ile. Hakuna mzinga uliopasuka. Lakini udongo wa milango ulikuwa umeanza kubadilika rangi.

"Simu?" aliuliza Mama Mizinga.

"Yangu imevunjika. Yako?"

"Mtandao hakuna. Huku chini hata redio hulia kwa kubembelezwa. Leta jeki."

Alitegesha jeki baina ya sakafu na dashibodi, akapiga mpini. Dashibodi ikalia, ikapanda unene wa kidole, Gia Tano akauma mkono wa shati lake. Kisha sakafu iliyoliwa na kutu ikatoboka, jeki ikazama mchangani, na chuma kikamrudia mguuni kwa uzito wake wote. Alipiga yowe moja lililojaza korongo. Nyuma yao mizinga ikajibu.

Mwanamke alijaribu jiwe bapa chini ya jeki. Likapasuka vipande viwili. Alikata tawi, lakini miti ya huko ni miiba mitupu, mashina yake hayazidi kifundo cha mkono, na tawi likakatika nalo.

"Hapa panataka ubao," alisema Gia Tano, jasho likimtiririka. "Ubao mpana, mgumu."

Wote wawili walijua mbao zilipo. Bodi la lori lilikuwa la mabomba ya chuma. Mbao zote za safari ile zilikuwa mizinga, na mfuniko wa kila mzinga ulikuwa mpana, mgumu, umepigwa kwa ustadi, na chini yake kuna maelfu ya nyuki waliotikiswa, waliofungiwa na walioanza kupikika.

Mama Mizinga alivua ovaroli yake nyeupe, na kofia yenye wavu, na glavu. Alibaki na gauni la kazini.

"Vaa."

"Na wewe?"

"Mimi wananijua."

"Nyuki hajui mtu, shemeji. Uliniambia mwenyewe."

"Basi mimi nawajua wao. Ingiza mkono, usinicheleweshe."

Ovaroli ilifika kiunoni tu. Mguu mmoja ulikuwa chini ya chuma. Akachukua dumu la maji, lile moja walilokuwa nalo, wakanywa kila mmoja mafunda machache. Kisha akayamwaga mengine kwenye udongo wa ukingoni na kuukanda.

"Maji ya kunywa hayo," alisema Gia Tano.

"Kiu itatuua mchana. Hawa watatuua sasa hivi."

Alimkandika udongo kiunoni, mapajani, kila mahali palipokuwa na upenyo, mpaka mtu yule akafanana na ukuta unaosubiri chokaa. Uliobaki akaupaka kwenye milango ya mizinga iliyoanza kuota nyufa. Alipomaliza dumu lilikuwa tupu.

"Nitabeba mzinga mmoja nipande nao juu barabarani," alisema. "Niufungulie mbali, nirudi na mfuniko. Lakini kwanza nitatoa iliyopigwa na jua, la sivyo itapasuka hapa hapa mgongoni pako."

"Mbona umenyamaza kuhusu wale watakaokufuata ukirudi?"

Alikwisha panda nyuma ya lori.

Mzinga uliojaa hubebwa na wanaume wawili wanaolalamika. Yeye aliukumbatia mmoja kifuani, mlango ukitazama nje, akapanda ukingo kwa magoti, mchanga ukimrudisha nyuma hatua moja kila alipopiga mbili. Alipofika juu aliuweka kando ya barabara, akashuka kuchukua mwingine. Jua lilimpiga utosini. Damu ya paji ilikauka ikapasuka, ikatoka tena. Midomo ilichanika. Ndani ya kila sanduku alisikia nta ikilegea, masega yakikatika na kuangukiana, nyuki wakizama kwenye asali yao wenyewe, na alilia huku akipanda, kwa machozi machache maana hakuwa na maji ya kuyatengeneza. Mizinga ikajipanga juu, myeupe, kwenye mstari mmoja.

Mara moja alisimama juu akatazama milimani. Mawingu meusi yalikuwa yamelala huko, na radi ikimulika tumboni mwake. Walikuwa wameyaona tangu alfajiri, wakayafurahia. Mwaka mzima walikuwa wakiiombea mvua ile. Kwao ilikuwa maua, ilikuwa asali, ilikuwa majani ya mbuzi. Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba mvua nayo ina njia ya kushukia, na kwamba njia yenyewe ndiyo waliyoegesha lori.

Alikuwa katikati ya ukingo na mzinga mwingine kifuani pale udongo wa mlangoni ulipoachia. Kipande kizima kilidondoka, akakiona kikibingirika. Nyuki wa kwanza alimchoma kwenye kope.

Mguu ukateleza. Mzinga ukamtoka, ukagonga mzizi, ukafunguka kama kitabu.

Kila mtu ajuaye nyuki huambiwa hivi: kimbilia ndani, funga mlango. Hapakuwa na ndani nyingine ila ya lori, na humo alikuwamo Gia Tano. Mama Mizinga aliugeuzia lori mgongo, akakimbia kushuka mto, akipunga mikono makusudi, akipiga kelele, ili walio hai na wenye hasira wamfuate yeye.

Wakamfuata. Walimjaa nywele, wakamjaa masikio, wakaingia gaunini kwa shingoni. Walimchoma ufizi alipofungua kinywa kupumua. Alikuwa amezoea kuchomwa, mikono yake ilikuwa migumu kwa miaka ya kazi, lakini hii haikuwa kazi, hiki kilikuwa kipigo. Alianguka, akainuka, akaanguka. Jicho moja likajifunga. Alijitupa mchangani, akajizika uso, akajimwagia mchanga kichwani kwa viganja, na bado waliendelea kushuka mgongoni mwake kama watu wanaopigilia misumari bati la nyumba. Moyo ulianza kupiga ovyo. Akatapika maji yale machache aliyokunywa. Alifikiri, kwa utulivu uliomshangaza, kwamba mama mkwe atasema alijua tu.

Ndipo upepo ulipokuja. Ulikuja na mchanga, ukamchapa, kisha tone moja la maji likampiga kisogoni, zito, la baridi. Kisha jiwe. Mvua ya mawe ilishuka kwenye korongo lile ikipasua majani na kutoboa ardhi, ikawaangusha nyuki kutoka hewani, ikawasaga kwenye mchanga. Ilimpiga na yeye pia, mgongo huo huo uliochomwa. Hakujali. Aliinuka kwa magoti na mikono, akarudi kwenye lori akitambaa, mara anaona, mara haoni.

"Nani huyo?" aliuliza Gia Tano kutoka ndani ya wavu. Hakumtambua. Uso ulikuwa umefura hadi pua imepotea.

"Mimi. Umechomwa?"

"Bado. Shemeji, sikia."

Alisikiliza. Chini ya kishindo cha mawe kulikuwa na kishindo kingine, cha chini zaidi, kilichotoka upande wa milima na hakikukatika. Mchanga ulikuwa unatetemeka. Hapo ndipo walipokumbuka njia ya mvua, wote kwa pamoja, na walichelewa.

"Kimbia," alisema Gia Tano. "Mama asituzike sote akakosa wa kumzika yeye. Panda juu."

"Nyamaza, nishike kazi."

Alirukia nyuma ya lori, akashika mzinga wa karibu, akang'oa mfuniko kwa jembe dogo na kwa kucha. Mvua iliwamwagikia waliomo ndani. Waliolowa hawakuweza kuruka, wakapanda mikononi mwake kwa miguu, weusi, wazito, wakichoma huku wanakufa. Hakuwapangusa. Aliingia na mfuniko ndani ya lori, akaulaza sakafuni, akategesha jeki juu yake, akapiga mpini.

Maji ya kwanza yalifika kabla ya mto wenyewe, kahawia, yenye povu na samadi na matawi. Yalimpata vifundoni. Mpini ukapanda, ukashuka. Mfuniko ulilia lakini haukuvunjika. Alikuwa ameupigilia misumari mwenyewe. Yakafika magotini. Dashibodi ikainuka kidole, ikainuka viwili.

"Vuta."

"Kiatu kimenasa."

"Kiache kiatu. Vuta."

Gia Tano alivuta. Ngozi ya kisigino ilibaki na kiatu. Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika, wote wawili waliusikia ukisagika, naye akazimia nusu na kuangukia begani mwake. Mwanamke alimkumbatia kwapani, akamtoa dirishani, kwa kuwa mlango ulikuwa tayari umeshikwa na maji. Mto ukaja. Ulikuja ukiwa na gogo zima mbele, ukalipiga lori ubavuni, likageuka. Walienda chini. Wavu wa kofia ulijaa matope, Gia Tano akaanza kuzama nao usoni, mwanamke akaipasua kofia na kuitupa. Alishika mzizi, ule ule uliopasua mzinga, akaushika kwa mkono mmoja na kwa meno, na mto ukamvuta shemeji yake upande wa pili mpaka bega likatoa mlio. Hakuachia. Alimvuta ukingoni shibiri kwa shibiri, wakalala juu, kando ya mizinga myeupe, wakitema matope.

Chini yao lori liliondoka. Mizinga iliyobaki ilielea kidogo, ikizunguka, kisha mmoja baada ya mwingine ikazama au ikapasukia kwenye miamba. Mama Mizinga aliitazama kwa jicho moja hadi wa mwisho ulipopotea kwenye kona. Nyuki wote waliomngojesha ndani ya joto mpaka alfajiri walikuwamo humo.

"Shemeji," alisema Gia Tano, na sauti ilikuwa na mluzi ndani yake.

Alikuwa ameshika shingo. Alipoondoa mkono, mwiba ulikuwa hapo, bado unapumua. Nyuki mmoja, aliyelowa, alikuwa ametembea kutoka kwenye nywele za mwanamke wakati akimkumbatia kumtoa majini. Mmoja tu.

Aliukwangua mwiba kwa ukucha. Midomo ya shemeji yake ilianza kujaa huku anaitazama. Alimkalisha, akamwegemeza kwenye mzinga, akamfungua ovaroli kifuani.

"Pumua kwa pua. Polepole. Maisha yako yote umekwenda mbio, leo nenda polepole."

"Mwambie mama..."

"Utamwambia mwenyewe. Mimi hasemi nami."

Kule barabarani dereva wa greda, aliyekuwa akichonga njia na akajibanza kwenye kibanda chake mawe yalipoanza, aliona mstari wa masanduku meupe kando ya mto mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Mtu akiona sanduku njiani husimama; ndivyo tulivyo. Alisogea. Aliwaona viumbe wawili wa udongo, mmoja akimpungia mkono uliovimba kama mkate.

"Hayo ni nini humo?" aliuliza kutoka juu, na alikuwa amekwisha sikia mvumo.

"Ni nyuki, nao wamelowa," alisema Mama Mizinga. "Mbebe huyu. Anahitaji sindano, koo linaziba. Zahanati iko upande gani?"

"Mbele, kwenye njia panda. Lakini mama, hili ni greda. Halikimbii."

"Litakimbia."

Alisimama nje kwenye ngazi ya mashine njia nzima, ameshika chuma kwa mkono ule wenye bega zima, akimpigia kelele dereva wa watu aongeze mwendo, yeye ambaye miaka yote alimgombeza Gia Tano apunguze. Kila mluzi wa pumzi ile ndani ya kibanda aliuhesabu kuwa wa mwisho, na kila mara ukaja mwingine. Walipofika, muuguzi alitoka mbio na sindano akamchoma paja pale pale juu ya ngazi, kupitia udongo. Walingoja. Mluzi ukalegea. Gia Tano akavuta pumzi moja ndefu, akakohoa, akatukana vizuri kabisa, na Mama Mizinga akaketi chini barabarani.

Jioni alikuwa kitandani, macho yote mawili yamefungika, muuguzi akimkwangua miiba mgongoni kwa upande butu wa wembe na kuidondosha kwenye bakuli. Baada ya muda muuguzi aliacha kuihesabu. Bega lilikuwa limerudishwa, kichwa kimeshonwa. Kutoka kitanda cha pili Gia Tano, mguu wake kwenye mbao, aliuliza mizinga mingapi imebaki.

"Ile niliyokutolea mgongoni," alisema. "Kama nisingeogopa kwa ajili yako, hata hiyo ingekwenda."

"Basi nakudai fundo la asali."

"Wewe asali utaiona kwa macho."

Kisha Mama Mizinga akasema kwa sauti ya chini kwamba mwakani watakaokataa kuingia ndani wataachwa nje. Lilimuuma kulitamka, kuliko miiba. Gia Tano hakutania.

Mlango ukafunguliwa. Mama Mizinga alizijua hatua zile, na ile fimbo, na ile pumzi ya mtu aliyepata habari akatembea njia ndefu kwenye matope. Alijikunyata chini ya shuka. Fimbo ilikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha pili. Alisikia mama akimpapasa mwanawe, kichwa, mabega, mguu uliofungwa, kama mtu anayekagua mbuzi aliyepotea. Alisikia kilio kidogo kilichomezwa.

Kisha kikongwe akasema, "Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, ni mimi. Si huyu hapa unanishika?"

"Wewe nimekuona. Namuuliza yule mwingine. Huyo aliyevimba pale si yeye, namjua mwanangu."

Muuguzi aliacha wembe hewani. Mama Mizinga alijaribu kufungua jicho, likakataa. Alijaribu kusema, na midomo ilikuwa mikubwa mno kwa neno. Hatimaye likatoka.

"Nipo, mama."

Fimbo ikagonga sakafu kuelekea kwake, ikasimama. Mkono mkavu ulitafuta mahali pa kumshika pasipouma, ukakosa, kwa sababu hapakuwapo. Mwishowe kikongwe alimshika unyayo. Aliketi hapo mwisho wa kitanda, ameushika, na akamwambia muuguzi aendelee na kazi yake, taratibu.